Mfuko Mdogo Uliowaamini Wahadhiri

Tarehe 23 Juni 1972 Rais Richard Nixon wa Marekani alitia saini sheria ya marekebisho ya elimu ambayo hadi leo inakumbukwa kwa mambo mawili makubwa. La kwanza ni Sura yake ya Tisa, iliyopiga marufuku ubaguzi wa kijinsia katika shule na vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu. La pili ni ruzuku kwa wanafunzi wasio na uwezo, ambayo baadaye ilipewa jina la Seneta Claiborne Pell. Ndani ya sheria hiyohiyo kulikuwa na jambo la tatu ambalo magazeti ya siku zile yalilipita haraka: kuanzishwa kwa Mfuko wa Kuboresha Elimu ya Baada ya Sekondari, uliokuja kujulikana kwa kifupi chake, FIPSE. Ulianza na dola milioni 10 kwa nchi nzima, fedha ambazo kwa viwango vya serikali ya Marekani hazikuwa kitu. Hata hivyo, mtu anayetaka kujua namna ufundishaji wa fizikia na hisabati vyuoni ulivyobadilika katika robo ya mwisho ya karne ya ishirini atakutana na mfuko huu mara kwa mara. Wengi wanaoandika juu yake wanasema ulifanikiwa ingawa fedha zake zilikuwa kidogo. Mimi naona kinyume chake. Ulifanikiwa kwa sababu zilikuwa kidogo, na ulipoanza kupewa nyingi ndipo kazi yake ilipoharibika. Jambo hili linatuhusu na sisi, kwa kuwa vyuo vikuu vyetu hapa Tanzania viko katika kipindi cha kupokea fedha nyingi kuliko wakati wowote uliopita.

Mfuko huu haukupangwa uwe mdogo. Wazo lake lilitoka katika Tume ya Carnegie ya Elimu ya Juu, iliyoundwa mwaka 1967 chini ya Clark Kerr, mtu aliyekuwa ameondolewa kwenye urais wa Chuo Kikuu cha California mwanzoni mwa mwaka huohuo. Tume ilipendekeza taasisi ya taifa itakayoendeleza elimu ya juu, na Machi 1970 Nixon akapeleka ujumbe bungeni akiomba taasisi ya namna hiyo yenye bajeti ya dola milioni 200. Nyuma ya ujumbe huo alikuwapo Daniel Patrick Moynihan, mshauri wake wa mambo ya ndani. Bunge halikuipenda. Wengine waliogopa kwamba serikali kuu ingeanza kuvielekeza vyuo cha kufundisha, na wengine waliona fedha zinafaa ziende kwa wanafunzi wenyewe. Kilichobaki baada ya mabishano ya miaka miwili ni mfuko mdogo ndani ya wizara, wenye watumishi wachache na bodi ya ushauri. Mkurugenzi wake wa kwanza, Virginia Smith, alikuwa ametoka kwenye Tume ya Carnegie, hivyo alijua fika ni ndoto gani iliyokuwa imepunguzwa mikononi mwake. Angeweza kugawa zile dola milioni 10 kwa vyuo vikubwa vitano na kuandika ripoti nzuri. Hakufanya hivyo.

Alichokifanya yeye na wenzake kinastahili kuangaliwa kwa karibu, maana ndiyo kiini cha hoja yangu. Mwombaji hakutakiwa kuleta kitabu. Alileta kwanza andiko fupi la kurasa chache, ambalo baada ya muda lilizoeleka kuwa la kurasa tano, akieleza tatizo gani analiona darasani kwake, anafikiri linasababishwa na nini, anataka kujaribu nini, na atajuaje kama jaribio limefaulu. Maandiko hayo yalisomwa na wahadhiri na wakuu wa vyuo kutoka sehemu mbalimbali za nchi, si na maofisa wa wizara peke yao. Waliopita ndio walioombwa kuandika andiko kamili. Maombi yalifika takriban 2,000 kwa mwaka katika miaka ya 1980, na waliopata walikuwa chini ya 100. Kwa hiyo ushindani ulikuwa mkali, lakini mlango ulikuwa mpana: kurasa tano anaweza kuziandika mhadhiri wa chuo kidogo cha mji mdogo, asiye na ofisi ya kumtafutia wafadhili wala msaidizi wa kumpigia hesabu. Jambo la pili ni kwamba mfuko haukutangaza mada kuu na kuwataka watu wazifuate. Katika programu yake kuu uliwaachia waombaji waseme wenyewe tatizo ni lipi. Mfuko wenye fedha nyingi huwa na mkakati, na mkakati huja na orodha ya vipaumbele. Mfuko usio na fedha za kutosha kubadili chochote kwa nguvu zake hulazimika kuwauliza walio darasani kinachowasumbua.

Uzito wa jambo hilo unaonekana tukikumbuka njia iliyokuwa imetawala kabla. Mwaka 1956, hata kabla ya Warusi kurusha Sputnik, mwanafizikia Jerrold Zacharias wa MIT aliunda kamati ya kuandika upya somo la fizikia kwa shule za sekondari za Marekani. Taasisi ya Taifa ya Sayansi ilimwaga fedha, na baada ya Sputnik ikazimwaga zaidi. Zilitengenezwa filamu, vifaa vya maabara, na kitabu kilichotoka mwaka 1960. Wataalamu wakubwa waliandika, walimu wakapewa semina za kuwafundisha kufuata kilichoandikwa. Njia hiyo haikubaki Marekani. Zacharias na wenzake waliileta Afrika, na mwaka 1962 semina ya kwanza ya uandishi wa vitabu vya hisabati ikafanyika Entebbe, Uganda. Wanahisabati wa Kimarekani, Waingereza na Waafrika walikaa pamoja wakaandika mfululizo wa vitabu vilivyojulikana kama Hisabati ya Entebbe. Watu wazima wengi wa Afrika Mashariki waliosoma miaka ile wanaikumbuka hisabati hiyo mpya na seti zake, na wanakumbuka pia jinsi wazazi na walimu walivyoilalamikia. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 Kenya ilikuwa imeiacha. Haitakuwa haki kusema kazi ile yote ilipotea, kwa sababu vitabu vyenyewe viliandikwa kwa uangalifu na semina zile ziliwakutanisha wanahisabati wa nchi zetu waliokuwa hawajawahi kukutana. Kasoro yake ni kwamba hakuna mwalimu wa darasa la Iringa, Kisumu au Masaka aliyeulizwa mapema wanafunzi wake wanakwama wapi. Swali lilitoka mbali, na jibu likaletwa pamoja nalo.

Sasa tumtazame Priscilla Laws, mwalimu wa fizikia katika Dickinson College, chuo kidogo cha mji wa Carlisle, Pennsylvania. Mwaka 1986 alipata ruzuku ya FIPSE kufanya jambo ambalo kwa wakati ule lilionekana la hatari: kufuta mihadhara katika kozi ya fizikia ya mwaka wa kwanza. Badala ya mwalimu kusimama mbele kwa saa nzima, wanafunzi wachache wangekaa katika chumba kimoja chenye vifaa na kompyuta kwa vipindi vya saa mbili, mara tatu kwa wiki, wakipima, wakibishana na kuandika. Chombo kilichofanya kazi hiyo iwezekane kilikuwa kidogo: kihisio cha mwendo kinachotoa mawimbi ya sauti yasiyosikika na kupima muda yanaotumia kwenda na kurudi. Teknolojia yake ilitokana na kamera za Polaroid, zilizotumia sauti kujipima umbali, na Robert Tinker na wenzake wa Massachusetts walikuwa wameiunganisha na kompyuta ndogo. Mwanafunzi anasimama mbele ya kihisio na kuanza kutembea, na papo hapo mstari unachoreka kwenye skrini. Akienda mbele kwa mwendo usiobadilika, grafu ya umbali inakuwa mstari wa mshazari na grafu ya kasi inakaa bapa. Akisimama, ya kasi inashuka hadi sifuri wakati ya umbali inabaki palepale ilipofika. Anapewa grafu iliyochapishwa na kuambiwa atembee mpaka aichore upya kwa mwili wake. Mwanafunzi aliyekariri kwamba kasi ni badiliko la umbali kwa muda, na akapata alama nzuri kwa kukariri huko, hugundua ndani ya dakika chache kwamba hajui mwili wake ufanye nini ili mstari ushuke.

Wakati huohuo Ronald Thornton wa Tufts na David Sokoloff wa Chuo Kikuu cha Oregon walikuwa na ruzuku ya mfuko huohuo wakishughulikia tatizo la jirani: yule mhadhiri mwenye ukumbi wa watu 200 ambaye hawezi kuwa na kihisio kwa kila mwanafunzi afanye nini? Jibu lao halikuhitaji chumba kipya. Mhadhiri anaeleza jaribio atakalolifanya mezani, kwa mfano kigari kinachosukumwa kupanda mteremko, kisimame juu, kisha kirudi. Kabla hajalipima, kila mwanafunzi anaandika kwenye karatasi anavyotabiri grafu ya mchapuko itakavyokuwa. Halafu anajadiliana na aliyekaa jirani, anaruhusiwa kubadili mawazo, na karatasi ya utabiri inakusanywa bila kupewa alama. Baada ya hapo jaribio linafanywa na grafu halisi inatokea mbele ya wote. Wengi walikuwa wameandika kwamba kigari kinaposimama juu mchapuko wake ni sifuri. Grafu inaonyesha kwamba haukubadilika hata kwa nukta moja. Nguvu ya utaratibu huu iko kwenye karatasi ile. Mtu aliyeandika kosa lake kwa mkono wake mwenyewe dakika tano zilizopita hawezi kujiambia kwamba alikuwa analijua jibu tangu mwanzo.

Hisabati nayo ina kisa chake. Katika miaka ya 1970 Uri Treisman, akiwa bado mwanafunzi wa uzamivu Berkeley, aliona wanafunzi weusi wakianguka katika kozi ya kalkulasi kwa wingi, hata wale waliotoka sekondari na alama za juu. Maelezo yaliyokuwa yakitolewa na walimu yalikuwa mengi: hawana ari, familia zao hazina elimu, hawakuandaliwa. Treisman aliwafuata wanafunzi 20 weusi na 20 wenye asili ya Kichina mabwenini na maktabani, akaangalia wanavyosoma. Maelezo yote yale hayakusimama. Wanafunzi weusi walisoma kwa bidii, lakini kila mmoja peke yake. Wale wenye asili ya Kichina walisoma peke yao kwanza, kisha wakakutana, wakakaguana kazi, na kujua mapema kama mwenzao naye amekwama mahali palepale. Kutokana na hilo ilizaliwa warsha ya hisabati ya mwaka 1978, ambamo wanafunzi walifanya pamoja maswali magumu kuliko ya kozi yenyewe, na FIPSE ilikuwa miongoni mwa waliosaidia kuiendesha. Sioni wizara ya nchi yoyote ambayo ingetangaza kipaumbele cha kwenda kuchungulia wanafunzi wanavyosoma usiku. Swali hilo lilihitaji mtu aliyekuwa pale, asiyeridhika na majibu yaliyozoeleka.

Hapa msomaji makini atasema: umechagua waliofaulu. Kati ya mamia ya miradi iliyopewa fedha, umetaja mitatu au minne, na iliyokufa kimyakimya hujaitaja. Pingamizi hilo ni la haki na halijibiki kwa kuongeza mifano. Linajibika kwa kuangalia kama mbinu zenyewe, zikitolewa mikononi mwa waasisi wake na kupewa watu wengine, bado zinafanya kazi. Mwaka 1998 Richard Hake wa Indiana alichapisha ulinganisho wa kozi 62 za fizikia zenye wanafunzi 6,542, akitumia mitihani ya dhana za kani na mwendo, hasa ule uliotungwa na David Hestenes na wenzake. Katika kozi 14 za mihadhara ya kawaida, wanafunzi walipata kwa wastani asilimia 23 ya maendeleo ambayo yangewezekana kutoka pale walipoanzia. Katika kozi 48 zilizowashirikisha wanafunzi walipata asilimia 48. Waliompa Hake takwimu walikuwa wamejitolea, na mtu aliyefeli hapendi kujitolea takwimu zake, hivyo ulinganisho wake una shaka yake. Lakini mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walikusanya tafiti 225 za sayansi, uhandisi na hisabati, nyingi zikiwa hazina uhusiano na hao wa kwanza, na wakakuta kwamba kiwango cha kufeli katika kozi za mihadhara mitupu kilikuwa asilimia 33.8, na katika zile zinazomfanya mwanafunzi atende kilikuwa asilimia 21.8. Tofauti ya asilimia 12 katika darasa la watu 300 ni wanafunzi 36 ambao hawatarudia mtihani Septemba wala kufukuzwa chuo. FIPSE haikufanya yote hayo peke yake. Taasisi ya Taifa ya Sayansi ilitoa fedha nyingi zaidi, na Eric Mazur wa Harvard alifika kwenye mawazo yanayofanana kwa njia yake mwenyewe. Ninachodai ni kwamba baadhi ya mbegu za mwanzo kabisa zilipandwa na mfuko ambao haukuhitaji kujua mapema zitaota nini.

Pingamizi la pili ni zito kuliko la kwanza, na sehemu yake nakubaliana nayo. Uvumbuzi wa ufundishaji hausambai wenyewe. Charles Henderson na Melissa Dancy waliwauliza wahadhiri 722 wa fizikia wa Marekani, wakakuta kwamba wengi sana wamesikia kuhusu mbinu mpya na wengi wamejaribu angalau moja, lakini kama theluthi moja ya waliojaribu waliacha. Waliacha kwa sababu ambazo mhadhiri wa Dar es Salaam au Nairobi angezitaja bila kufikiri: muda hautoshi, silabasi ni ndefu, wanafunzi wanalalamika kwamba hawafundishwi, na kupandishwa daraja kunategemea machapisho. Ruzuku ndogo haiondoi hata moja kati ya hizo. Inampa mtu mmoja nafasi ya kujaribu kwa miaka miwili au mitatu, na akihama chuo kozi inarudi ilikotoka. Pale Dickinson haikurudi, na sababu inajulikana: idara nzima iliifanya ile kuwa ndiyo kozi yake ya kawaida, chuo kikatoa vyumba, na walimu wapya walioajiriwa waliajiriwa wakijua watafundisha hivyo. Kwa hiyo ruzuku ndogo ina mpaka wake, na mpaka huo uko kwenye mlango wa idara. Lakini anayesema tiba ya hilo ni fedha nyingi zaidi hana budi aangalie kilichoupata mfuko wenyewe ulipotajirika.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 wabunge wa Marekani waligundua kwamba bajeti ya FIPSE ni mahali pazuri pa kuweka fedha za kupelekea vyuo vya majimbo yao moja kwa moja, bila ushindani. Bajeti ikapanda mwaka hadi mwaka, na mwaka 2005 ilizidi dola milioni 150, mara kumi na zaidi ya ile ya Virginia Smith. Mwaka huohuo, sehemu kubwa mno ya fedha ilikuwa imeshaandikwa majina ya vyuo teule, kiasi kwamba mashindano ya programu kuu yalifutwa. Mfuko haukuwahi kuwa na fedha nyingi kiasi hicho, na mhadhiri mwenye kurasa zake tano hakuwa na pa kuzipeleka. Baadaye fedha hizo za upendeleo zilipopigwa marufuku, bajeti nzima iliporomoka, na kufikia mwaka 2012 palibaki mabaki tu. Serikali ya Obama iliufufua mwaka 2014 kwa sura nyingine: dola milioni 75 kwa vyuo 24, wastani wa zaidi ya milioni 3 kila kimoja, kwa miradi iliyotakiwa kuonyesha kwanza ushahidi wa tafiti na kuahidi tathmini za kitaalamu za gharama kubwa. Madhumuni yalikuwa mema. Lakini mtu anayetakiwa kuleta ushahidi kabla ya kujaribu ataleta jambo ambalo limekwisha jaribiwa na mwingine, na mwenye uwezo wa kuandika andiko la milioni 3 ni chuo chenye ofisi ya kuyaandika. Awamu ya pili ilitolewa 2015, na mwaka uliofuata Bunge halikutenga kitu.

Australia ilipita njia inayofanana kwa haraka zaidi. Mwaka 1992 iliunda kamati ya kuendeleza ufundishaji wa vyuo vikuu iliyotoa ruzuku ndogo kwa wahadhiri mmojammoja, kisha ikabadilishiwa jina na muundo kila baada ya miaka michache, ikawa Taasisi ya Carrick mwaka 2004, ikawa baraza mwaka 2008. Januari 2011, baada ya mafuriko makubwa ya Queensland, serikali ilitangaza kulivunja baraza hilo ili kupata fedha za ukarabati. Ofisi ndogo iliyorithi kazi yake nayo ilifungwa 2016. Taasisi iliyokua mpaka ikaonekana kwenye vitabu vya hazina ndiyo inayokatwa kwanza hazina inapopungukiwa, kwani mihadhara itaendelea kesho yake kama kawaida na hakuna atakayeandamana.

Tuje kwetu. Mwaka 2004 UNESCO ilianza nchini Ghana mafunzo ya vitendo kwa walimu wa fizikia wa vyuo katika nchi zinazoendelea, yakihusu mwanga na lenzi, na mwaka 2007 mafunzo hayo yalifanyika Tanzania. Mmoja wa walioyaandaa alikuwa David Sokoloff, yuleyule wa karatasi za utabiri, na utaratibu wa utabiri ndio uliobeba mafunzo yote. Vifaa vilichaguliwa kwa makusudi viwe vya bei nafuu na vinavyopatikana karibu. Chukua jaribio moja: taa, lenzi, na kipande cha karatasi nyeupe ambacho juu yake sura ya taa inaonekana kichwa chini. Mhadhiri anauliza, nikifunika nusu ya lenzi kwa kadi, sura itakuwaje? Hata watu wenye shahada huandika kwamba nusu ya sura itapotea. Kadi inawekwa, na sura inabaki nzima, ila imefifia, kwa sababu kila sehemu ya lenzi inapokea mwanga kutoka kila sehemu ya taa. Jaribio hilo halina gharama ya kutajwa, na linaweza kufanywa katika ukumbi wa watu mia tano. Nalitaja kwa sababu linajibu pingamizi linalosikika sana katika vyuo vyetu, kwamba mambo haya ni ya matajiri, na kwamba hapa tuna wanafunzi waliosimama dirishani na maabara zisizo na maji. Sehemu iliyovuka bahari na kufika huku ni ileile iliyobuniwa kwa ajili ya kumbi zilizojaa, na ilibuniwa na watu waliopewa ruzuku ndogo ya kushughulikia tatizo hilohilo.

Tanzania sasa inatekeleza Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, HEET, ulioidhinishwa mwaka 2021 kwa mkopo wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia. Fedha zinajenga madarasa na maabara, zinasomesha wahadhiri, zinapitia mitaala. Siwezi kupinga majengo. Mwanafunzi aliyesimama dirishani anayahitaji. Lakini asilimia moja tu ya kiasi kama hicho ni dola milioni 4.25, na hizo zingetosha ruzuku 425 za dola elfu kumi kila moja. Mhadhiri wa takwimu wa Chuo Kikuu cha Mzumbe anayeona kila mwaka wanafunzi wakianguka kwenye mada ileile angeweza kuajiri wasaidizi wawili wa semina na kupima kama kusoma kwa vikundi kunabadilisha kitu. Mwingine wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine angenunua lenzi au vihisio, au angelipia nauli ya kwenda kuangalia mwenzake wa Dodoma anavyofanya. Watakaosema fedha ndogondogo haziwezi kukaguliwa wana hoja, kwa kuwa risiti 425 ni kazi kubwa kuliko mkataba mmoja wa jengo. Lakini FIPSE ilisimamia maombi elfu mbili kwa mwaka ikiwa na watumishi wachache, katika enzi ya karatasi na posta. Andiko liwe la kurasa tano, lisomwe na wahadhiri wa vyuo vingine badala ya kamati ya chuo chenyewe, na matokeo yachapishwe hata kama jaribio limeshindwa. Na kwa kuwa tunajua ruzuku za namna hii hufia wapi, kila andiko liambatane na barua ya mkuu wa idara yenye saini yake, ikitaja nani atafundisha kozi hiyo, katika chumba gani, na kwa fungu lipi la bajeti, katika mwaka wa kwanza ambao fedha za ruzuku hazitakuwapo.